Kibali cha Kuzimia

Napenda kuutangazia umma kwamba tatizo la joto kali mashuleni limekwisha. Limekwisha kwa mujibu wa Waraka Namba Saba, niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe nikiwa Katibu wa Kamati ya Kudhibiti Joto, na waliolisikia joto baada ya waraka huo kutoka walilisikia kwa hiari yao.

Kamati yetu haikukurupuka. Tulikaa vikao kumi na moja. Tuliagiza kipimajoto cha kisasa, kimoja kwa wilaya nzima, maana vikiwa viwili vinaweza kubishana. Kilipofika, boksi lake lilikuwa na maandishi: "Kihifadhiwe mahali pakavu na penye ubaridi." Sisi ni watu wa kufuata maelekezo. Tulipatafuta mahali penye ubaridi kuliko pote wilayani, tukapapata: ukutani ofisini kwa Mkurugenzi, chini ya kiyoyozi. Tangu siku hiyo joto rasmi la wilaya likawa nyuzi ishirini na mbili, na kwa muda mrefu halikutuangusha.

Aliyekuwa na kichwa kigumu ni mwalimu mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya barabara, mama mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuja Jumatatu, blauzi imemganda mgongoni kwa jasho.

"Mkurugenzi, darasa la nne halina dari. Bati liko juu ya vichwa vya watoto. Ikifika saa nane, dawati halishikiki. Naomba niwaruhusu saa sita. Sahihi yako tu."

Mkurugenzi, mtu mpana anayevaa sweta chini ya koti kwa sababu ya baridi ya ofisini, akageuka akakitazama kipimajoto.

"Ishirini na mbili," akasema. "Ruhusa inatoka joto rasmi likifika thelathini na tano. Unachokisikia wewe, Mwalimu, si joto. Ni hisia."

"Kuna binti ameshazimia mara mbili."

"Kwa kibali?"

Hapo ikabidi niingilie kati. Nikamfafanulia mwalimu kwamba kifungu cha tisa kinamtaka anayekusudia kuzimia ajaze fomu siku tatu kabla, ili aandaliwe kivuli. Mtoto huyo, binti wa fundi viatu, alizimia kiholela, tena katikati ya hesabu za sehemu. Nikampa mwalimu fomu.

"Mara ya tatu azimie kwa utaratibu," nikamwambia kwa upole.

"Mara ya tatu sijui kama ataamka, Katibu."

Akaijaza palepale, mkono unamtetemeka. Nilitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika mtetemeko, sikupaona.

Alhamisi kibali kikatoka, kimegongwa mhuri. Mwalimu akaja kukichukua, lakini hakuja peke yake. Nyuma yake lilikuwepo darasa la nne lote, watoto sabini na mmoja, kila mmoja na daftari na chupa ya maji, na wanne wamebeba ubao.

"Hii ni nini?" akauliza Mkurugenzi.

"Kifungu cha nne," akajibu mwalimu, akafungua waraka wangu. "Masomo yafanyike mahali palipothibitishwa kuwa joto halizidi nyuzi thelathini. Darasani kwangu hapajapimwa. Wilaya nzima pamepimwa hapa tu. Haya wanangu, ketini. Sogeleaneni."

Mkurugenzi akanitazama. Nikakipekua kifungu nikitafuta mwanya. Waraka ule niliuandika vizuri mno.

Wakakaa sakafuni, kwenye makochi, juu ya kabati la mafaili, na watatu chini ya meza, miguuni kwa Mkurugenzi. Madirisha yalikwisha kupigiliwa misumari zamani ili baridi isitoroke. Ubao ukasimamishwa mlangoni, ukaziba njia. Kiyoyozi kikakoroma, kikadondosha maji, kikanyamaza kabisa. Binti wa fundi viatu, ambaye mwalimu alimkalisha chini ya kipimajoto ili apate ubaridi wa mwisho, akapewa kazi ya kukisoma.

"Ishirini na saba," akasema.

Hesabu za sehemu zikaanza.

"Thelathini na moja."

Mkurugenzi akavua koti. Nikamkumbusha kwamba kifungu cha sita kinawataka watumishi wawe na mavazi kamili wakati wa upimaji. Akalivaa tena akiniangalia vibaya, na jambo hilo liliniuma, maana mimi nilikuwa upande wake.

"Thelathini na nne."

"Mwalimu," akasema Mkurugenzi, ulimi umemkauka, "humu ndani mna joto."

"Pole, baba. Labda ni hisia."

Sijawahi kumwona kiongozi akikitazama chombo cha serikali kwa macho yale. Midomo ilikuwa inamcheza. Nadhani alikuwa anakiombea.

"Thelathini na tano," akasema binti.

Kabla hajafunga mdomo, Mkurugenzi alishanyakua karatasi ya ruhusa na kusaini, sahihi ikateremka mpaka kwenye mbao za meza. Shule zote wilayani kufungwa saa sita mchana, hadi joto litakapopungua. Watoto wakapiga makofi. Mwalimu akavua miwani, akajifuta macho kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza nikaona aibu kidogo, ambayo sikuiingiza kwenye kumbukumbu.

Darasa likaanza kukusanya madaftari. Mkurugenzi akawa anateleza polepole kwenye kiti chake.

"Katibu," akanong'ona, "naona giza."

Nikavuta droo, nikatoa fomu. "Siku tatu, bosi. Tuseme Jumapili."

"Katibu..."

"Samahani, Jumapili si siku ya kazi. Tuseme Jumatatu."

Binti wa fundi viatu akajipenyeza katikati yetu. Akaweka mezani kibali chake, hakijakunjwa hata kona, wino wa mhuri bado mbichi.

"Chukua changu, babu," akasema. "Mimi naenda nyumbani."

Nikakikagua mbele na nyuma. Kilikuwa halali. Kwa kuwa muda wa kubadilisha maelezo haukuwepo, Mkurugenzi wetu akazimia akiwa mwanafunzi wa darasa la nne, jinsia ya kike, akapelekwa kwenye kivuli alichoandaliwa. Na kwenye majalada ya wilaya ndivyo alivyo hadi leo.