Mamba Aliyegoma Kuganda

Jumamosi, 6 Septemba

Mamba kaponyoka tena! Tena mbele ya Happiness!

Niandike kwa utulivu. Mchezo wetu wa mezani tunauchezea nyuma ya saluni ya Happiness, mtaani Mwanga, wateja wakipungua. Kila mtu ana mhusika wake wa kubuni. Marcelina ndiye msimulizi: anaeleza dunia ilivyo, anawasemea maadui, na kete yenye pande ishirini inaamua nani apone. Mhusika wangu ni mchawi msomi, Profesa Radi. Ndumba zake zina ugumu wa kumi na tano: nane ya kuanzia, tatu za uzoefu, nne za akili. (Akili zangu, kusema kweli.) Anayerogwa anarusha kete, anaongeza alichojaliwa. Akifika kumi na tano, kanusurika.

Nikajaribu kumgandisha mamba mwili. Kumbe mamba anaongeza sita kwa ajili ya nguvu zake! Yaani anahitaji tisa tu kwenda juu. Kete ikaleta kumi na moja. Akachekelea na kuondoka zake. Ndipo Manirakiza, fundi simu, mtu ambaye hajawahi kupiga hesabu hata moja ya mchezo huu, akaibusu kete yake, akarusha. Ishirini! Mkia wa mamba ukakatika. Happiness akapiga vigelegele.

Halafu habari kubwa. Marcelina kahamishiwa Kasulu kikazi. Jumamosi ijayo tutapiga kura kumpata msimulizi mpya. Nakitaka kiti kile. Tangu shule ilipokataa kurefusha mkataba wangu (walisema wanafunzi wananiogopa), hakuna mahali pengine ninapoitwa Mwalimu. Nimwachie fundi simu? Thubutu!

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimepiga hesabu. Mamba ana nguvu lakini hana akili. Kwenye akili anapunguza mbili. Nikitumia ndumba ya kumpumbaza, atahitaji kumi na saba au zaidi. Namba nne kati ya ishirini. Asilimia themanini zangu, ishirini zake.

Nikafurahi hadi chai ikapoa. Kisha nikaukumbuka ule mkataba wa shule. Nao nilikuwa nimeupa themanini. Maisha yangu yote yameliwa na ile ishirini iliyobaki. Safari hii haibaki!

Marcelina hutumia kete nyekundu. Mimi ninayo nyekundu kama ile ile, na ndiyo pekee niliyo nayo. Nimeitoboa kwa sindano ya moto upande wa ishirini, nikatia kipande cha risasi, ile ya kuzamishia nyavu, kutoka kwa wavuvi wa Kibirizi, nikaziba kwa rangi ya kucha ya dada Rozalia, ambaye nakaa kwake hapa Buzebazeba. Ishirini inalala chini, moja inakaa juu. Nimeijaribu: moja, tatu, moja, tano, mbili. Uzuri ulioje! Dada kauliza mwanamume mzima anapaka kitu gani rangi ya kucha. Nimemjibu ni sayansi. Kasema sayansi ikimaliza, ichukue ndoo ikachote maji.

Jumanne, 9 Septemba

Kampeni. Nilimwahidi Happiness kwamba nikiwa msimulizi, mwindaji wake atapata kiboko anayeruka. Kasema atafikiria. Alikuwa anamsuka mteja, wala hakugeuka.

Nikaenda kibandani kwa Manirakiza kupeleleza. Kanipokea kwa mikono miwili. Kaiona simu yangu haiingizi chaji, kaisafisha hapo hapo, kakataa hata asante. Mtu mbaya sana. Unamchukia vipi mtu wa namna hii bila kuonekana wewe ndiye mwenye kasoro?

Kisha kaniomba nimfundishe hesabu ya kunusurika. Anaona aibu, kasema, sisi wengine kujumlisha wakati yeye anabusu kete tu. Nikamfundisha. Nikamwambia alichojaliwa mhusika wake hakijumlishwi, kinatolewa. Kaitikia ego, ego, yaani ndiyo, ndiyo, kwa lugha ya kwao, huku anaandika kiganjani. Akanifungia samaki wawili, migebuka, nipeleke nyumbani. Niliwala wote. Walikuwa watamu, na hilo nalo liliniudhi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilikuwa chumbani nafanyia mazoezi sauti ya msimulizi. Mzee Hamdani, jirani, kanisikia ukutani nikinguruma kwamba nitamgandisha mtu asisogeze hata kidole. Kaja mlangoni. Nikampa shikamoo, nikamweleza ni mchezo wa mezani. Kauliza mchezo gani. Nikaeleza ugumu, kete, asilimia. Alisikiliza kwa heshima. Mwisho kauliza kama mbuzi wake wako salama. Jioni kawahamishia kwa mkwewe.

Jumamosi, 13 Septemba

Sitaki kuandika ya leo. Naandika hivyo hivyo.

Marcelina alipotoka kusalimiana na mteja, nikabadilisha kete. Yake mfukoni mwangu, yangu mezani. Zamu yangu ikafika. Nikamtupia mamba ndumba ya kumpumbaza. Marcelina akarusha. Mbili! Mamba akasimama kama gogo, Manirakiza akammaliza kwa panga. Happiness akanipigia mimi vigelegele. Mimi! Kama siku ingeishia pale.

Mamba, akikata roho, akatoa pumzi ya sumu. Kila mtu anusurike mwenyewe, ugumu kumi na tatu. Niliazima kete ya Happiness, nikapona. Manirakiza akapata kumi na nne. Akatazama kiganja, akatoa tatu, akasema kwa upole kwamba basi, yeye amekufa. Marcelina akamuuliza ni nani kamfundisha kutoa badala ya kujumlisha. Nikaanza kuchunguza dari.

“Labda mimi nilisikia vibaya,” akasema Manirakiza.

Hakunitazama. Afadhali angenitukana!

Kura. Marcelina na Happiness kwa Manirakiza. Mimi kwa mimi. Na Manirakiza akasema kura yake ni ya Mwalimu, kwa sababu Mwalimu anaupenda mchezo huu kuliko sisi wote. Mbili kwa mbili! Marcelina akacheka, akasema basi kete iamue, namba kubwa ndiyo mshindi. Akasukuma mezani kete nyekundu.

Ile yangu.

Manirakiza akaibusu, akarusha. Nne. Kwa kete ya haki, asilimia themanini za kumshinda zilikuwa zangu. Kete ya haki ilikuwa mfukoni, inanichoma paja. Kuitoa ni kujianika. Nikarusha kwa nguvu zote, nikiomba risasi ichomoke.

Moja.

Jasho likanitoka. Nikavuta leso mfukoni nijifute, kete ya Marcelina ikadondoka, ikabingirika hadi kwenye kiatu chake. Akaitazama. Akaichukua ile ya mezani, akairusha. Moja. Akairusha tena. Mbili. Akakikuna kile kidoa cha rangi kwa ukucha. Happiness alianza kufagia nywele ambazo zilikuwa zimekwisha kufagiwa.

Manirakiza ndiye aliyeniletea kofia yangu mlangoni.

Jumatatu, 15 Septemba

Nilikusudia kutotoka tena nje. Mchana Manirakiza kaja. Dada Rozalia kamwandalia ugali, kakaa naye kama ndugu. Kaniambia mambo ya Jumamosi yameisha. Anataka niendelee kucheza, tena niketi kando yake nimsaidie hesabu.

“Bila wewe meza ile ni mbao tu, Mwalimu,” akasema.

Nilikuwa na neno la kumwambia. Lilifika kabisa mdomoni. Lakini akaendelea, akataja kwamba Novemba atakwenda Kagunga kwenye harusi ya shangazi yake, na Jumamosi ile mtu mwingine atalazimika kukalia kiti.

Neno likarudi lilikotoka.

Jumamosi moja ya nini? Happiness ana binamu Kagunga, Générose, mwalimu wa chekechea, anatafuta mume asiyekunywa pombe. Manirakiza hanywi, anajipikia mwenyewe, na anatokwa machozi harusini. Nimeupa moyo wake sifuri ya kujumlisha. Ugumu wa Générose, kwa jinsi anavyosifiwa, kumi na nane. Uwezekano wa Manirakiza kunusurika ni asilimia kumi na tano. Akioa atahamia huko huko, na mafundi simu wanahitajika Kagunga. Kiti kitabaki changu.

Kesho asubuhi naenda saluni kuomba namba ya Générose. Nimepiga hesabu mara mbili. Haiwezi kushindikana.