Wagonjwa Kumi na Mmoja, Viti Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi amenikabidhi mfumo wa zahanati. Ijumaa daktari anakuja kuujaribu. Ukikwama, kazi itahamia kwa Kimya, mama wa meza ya pili, tunayemwita hivyo kwa sababu husema maneno kumi kwa siku. Haitatokea.

Tuna programu inayotuandikia yenyewe msimbo, yale maagizo ya kompyuta, wa kuzungumza na huduma ya zahanati mtandaoni. Huandika vibaya. Majina ya wagonjwa huyaweka katika safu, yaani viti vya idadi maalumu: wakija kumi ni kumi, wa kumi na moja hana pa kukaa. Ninataka orodha, ambayo hurefuka. Juu ya faili la msimbo huo kumeandikwa onyo kwamba nisirekebishe kwa mkono. Halina adabu. Nimelifuta.

Jumanne, 4 Machi
Nimegeuza safu kuwa orodha, moja moja, mahali mia moja na sita. Shingo imekakamaa. Saa kumi zahanati ikaongeza namba za simu katika huduma yake, na Kimya akabonyeza kitufe cha kuandika msimbo upya. Safu zote zimerudi. Onyo pia.

Kimya akasema, "Pole, Mzee. Mbona kuna mpangilio wa hilo kwenye programu?" Nikamjibu kwamba nilianza kazi hii yeye akiwa chekechea.

Jumatano, 5 Machi
Hila. Nimerekebisha zote tena, kisha nikalifunga faili lisiandikwe upya. Nikaenda kunywa chai. Kitufe kikabonyezwa, programu ikagoma, ofisi nzima ikakaa bure saa mbili. Mkurugenzi akauliza nani amefunga. Nikaangalia dari. Faili likafunguliwa, kazi yangu ikafutika.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akauliza, "Na huo mpangilio uko wapi?" Nikasema sikuuliza. Akanitazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari amewahi. Nilikuwa nimefika mahali pa themanini, kwa mara ya tatu. Akaingiza mgonjwa wa kumi na moja, mfumo ukazimika.

"Kwa hiyo huyu tumwambie arudi kwao?" akauliza.

Kimya akaomba kiti changu, akafungua mipangilio, akatafuta aina ya mkusanyo, akachagua orodha, akabonyeza kitufe. Dakika moja. Wagonjwa wakaingia hadi wa arobaini. Zahanati ni yake sasa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepewa mfumo wa maktaba. Huko tarehe zote huja kama maneno matupu, kompyuta haijui kuwa ni tarehe. Kimya akapita, akasema mpangilio upo palepale, Mzee. Nikamshukuru kwa heshima zote. Ana haraka sana, mama huyu. Faili lenyewe ni fupi, mistari elfu mbili tu. Nimeshafika wa tisa.