Mchezo Wangu Ulivyokimbiza Uwanja Mzima

Leo nimeaibika, tena nimekasirika, na hasira ndiyo nyingi. Sikilizeni.

Mnanijua. Zamani mwalimu akitaja jina langu darasani, nilikuwa naangalia viatu vyangu mpaka kengele ilie. Teatre ya parokia ndiyo iliyonifungua mdomo. Papa, baba yangu, hajawahi kuipenda ("upuzi wa watoto wasio na kazi"). Leo nikambembeleza, akaja kuangalia kwa mara ya kwanza. Akaniambia wazi: asipofurahi, naacha.

Mchezo wenyewe ni familia inayokimbia vita. Mimi ndiye binti anayeleta habari. Kiongozi wetu, mwanaume mwenye ndevu zake, alivaa kitenge akacheza mama. Kabla sijatoka akaninong'oneza: "Leo toa sauti yote. Usiogope muntu."

Nikatoa yote!

"Banakuya! Mukimbie! Banakuya!"

Hapa mjini Baraka, neno hilo la "wanakuja" likisikika hakuna anayeuliza ni akina nani. (Nilisahau. Mimi, mzaliwa wa hapa, nilisahau!) Waliokaa mbele walijua ni mchezo. Akina mama wauza samaki, nyuma ya ukuta, hawakujua. Wakainuka na mabeseni yao ya ndagala, mbio! Watu wa mbele walipowaona, nao wakatoka mbio. Kiongozi wetu, yuleyule wa "usiogope", akapandisha kitenge akawapita wote.

Halafu mimi. Nikaona uwanja mzima unakimbia, nikajiambia, basi ni kweli. Nikakimbia sauti yangu mwenyewe, jamani! Nikafika kwenye mihogo, nikajitupa chini.

Kando yangu kulikuwa na mtu amelala kifudifudi. Papa.

"Ni nani alisema banakuya?" akauliza huku anahema.

"Ni mi, papa."

"Na we, ni nani alikuambia?"

"Hakuna muntu. Ilikuwa ya mu teatre."

Akapangusa udongo usoni. Mzee mzima, na suruali yake ya misa! Hasira ikanipanda. Si kwake. Ni kwa hao wenye bunduki waliotuzoesha hivi, mpaka hata mchezo hatuwezi kuutazama tumekaa.

Mwishowe papa akasema: "Sauti iko. Endelea na teatre yako. Ila bakupatie kucheza bubu."

Na wewe unayecheka hapo, nitakuja kuicheza mbele ya mlango wako.