Sharubati ya Shibe

Sylvanus alimsikia Mzee Onyancha kabla hajamwona. Mzee alikuwa ndani ya bucha ya Ikonge, akiyatazama mapaja yaliyoning'inia kama mtu aliyefiwa.

"Jumapili watu wa Kiogoro wanakuja kwa mahari ya Emily wangu," alimlalamikia muuza nyama. "Umeshaona vile hao watu wanakula? Yaani nichinje fahali mzima aishie tumboni mwa wageni?"

Sylvanus alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, hana mbele wala nyuma. Tuseme ukweli kuhusu kijana huyu: tangu azaliwe hakuwahi kushika jembe, na hakuona sababu ya kuanza. Alikuwa amewauzia watu wa Manga dawa ya kuzuia mvua ya mawe, na mjini Kisii miwani ya kusomea Biblia gizani. Lakini juma hilo biashara ilikuwa imelala, na tangu Jumanne hakuwa ametafuna kitu cha maana. Akipata nusu ya fahali, angekula, angeuza, na angekaa mwezi mzima bila kuonana na kazi. Akatoa koti jeupe begini, akalikung'uta, akalivaa, akaingia ndani.

"Bwakire, tata," akamwamkia mzee kwa Kikisii. "Samahani kwa kuingilia. Shida yako si wageni. Shida ni homoni."

"Homoni za nani?"

"Za wageni." Akashusha sauti kidaktari. "Tumbo ikiwa tupu inatoa homoni ya njaa. Hiyo inapiga kelele kichwani, halafu inapitia kwa kongosho, inaiambia: wewe tulia, usitoe insulini bado. Mtu akila, utumbo nayo inatoa homoni zake. Hizo zinaambia kongosho: sasa mwaga insulini! Zinaambia kichwa: huyu ametosheka. Mimi niko na sharubati ya kuamsha hizo za shibe. Mgeni akinywa, nyama ataiangalia tu kama kalenda ya ukutani."

Ajabu ni kwamba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, karibu yote aliyosema yalikuwa kweli. Uongo ulikuwa tu ndani ya jerikeni lake la sharubati: asali, glukosi na rangi ya kijani. Sylvanus mwenyewe aliiamini sharubati hiyo, maana alikumbuka alivyokuwa akichapwa na mama yake kwa kunywa soda kabla ya chakula na kushindwa kula.

Mzee Onyancha alijikuna kidevu. "Pesa sina. Nitakupa nusu ya nyama yenye itabaki."

Sylvanus aliukubali mkono wa mzee haraka, asije akabadili nia.

Jumapili wageni walifika adhuhuri, wakiongozwa na Mzee Ombui, baba wa bwana harusi. Sylvanus aliwapokea mlangoni na vikombe vya sharubati.

"Daktari, onja kwanza, wasiogope," akasema Onyancha.

Daktari akanywa viwili, akatangaza kwamba ameshiba. Onyancha mwenyewe alikataa kwa unyenyekevu. "Mimi niko na ugonjwa wa sukari. Nitashika chai ya rangi."

Sharubati ilifanya kazi. Wageni waliegemea viti, wakashusha pumzi. "Mimi hata sisikii njaa," Ombui akanong'ona. Dirishani, Sylvanus alikuwa tayari anachagua paja.

Ila kwa Onyancha nyama haikutoka jikoni kabla ng'ombe wa mahari hawajakubaliwa, na siku hiyo mzee hakuwa na haraka. Aliomba sala ndefu. Alisimulia alivyozaliwa Emily, surua aliyougua, na kila mwalimu aliyewahi kumsifu. Kufikia surua, mgeni mmoja alikuwa ameanza kulamba midomo. Harufu ya mchuzi ikaingia, ikaketi katikati yao.

"Sisi tulikuja na ng'ombe sita," akasema Ombui, jasho jembamba likimtoka.

"Emily amesoma, mkwe."

"Basi saba."

"Na aliugua surua."

"Nane! Hiyo surua wacha tuimalize."

"Mbuzi je?"

"Weka mbuzi."

"Na blanketi ya nyanya yake?"

"Weka blanketi, weka hata kitanda! Mkwe, hiyo nyama bado haijaiva?"

Kilichofuata hakifai kusimuliwa mbele ya watoto. Walimla fahali, wakala matoke na mboga za chinsaga, wakavunja mifupa wakanyonya uboho. Sylvanus hakupewa hata mchuzi, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ametangaza kwamba ameshiba. Alisimama dirishani, roho ikimuuma kweli kweli.

Wageni walipoondoka, Onyancha alimletea sinia lenye mfupa mmoja uliong'aa. "Makubaliano ni makubaliano. Kata nusu."

"Tata, umenimaliza!"

"Mimi? Mimi ni mtu wa kliniki ya sukari miaka mingi, omomura, kijana wangu. Nesi alitufundisha. Wewe ulieleza vizuri, ila uliachia njiani. Sukari tupu inaingia mbio, kongosho inamwaga insulini nyingi, nayo inafagia hiyo sukari yote. Baadaye homoni ya njaa inarudi na hasira. Na mtu wa njaa hajui kubishana juu ya ng'ombe."

"Kumbe ulijua tangu bucha?"

"Ulipotaja homoni, kidogo nikukumbatie."

Harufu nyingine ikapenya kutoka jikoni. Sylvanus akainua pua. "Hiyo ni nini?"

"Paja. Mama Emily aliificha kabla wageni wakae. Hiyo haikutoka jikoni kabisa, kwa hivyo si mabaki." Onyancha akavuta kiti. "Kaa tuongee. Chai yangu imekomaa shambani na wachumaji wamenihepa."

Sylvanus akameza mate. "Siku moja."

Onyancha akafunua sufuria.

"Wiki!" akasema Sylvanus.

"Na palizi ya mahindi?"

"Weka palizi!"

Hivyo Jumatatu, umande ukiwa haujakauka, daktari aliingia shambani na kikapu mgongoni. Mama Emily alikuwa amemkaribisha vizuri sana kwa chai yenye sukari nyingi na mkate mweupe, akamsihi aongeze. Kufikia saa nne mikono ilikuwa ikimtetemeka juu ya majani, na hapo ndipo alipomwona Mzee Onyancha akishuka taratibu kati ya mistari, sufuria iliyofunikwa mkononi, akimwita kwa upole:

"Daktari, njoo kidogo tuongee habari ya wiki ijayo."