Wanawake wa Nyumba Yangu Wanapinga Maoni Yao Wenyewe

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia nikiwa na afya njema na hasira kidogo. Mimi ni msomaji wa gazeti lako tangu likiwa na kurasa nane, na ni fundi makochi mwenye banda mbele ya nyumba yake, mkabala na zahanati. Sijawahi kulalamikia lolote ulilochapisha, hata ile wiki nyota zangu ziliposema nitapata safari nikapata jipu. Lakini hili la sasa limenishinda kulibeba peke yangu.

Kama ujuavyo, watu wanatoana jasho kuhusu ule muswada wa afya ya uzazi, hasa kile kifungu kinachouliza: ikiwa ujauzito unahatarisha maisha ya mama na daktari anaona lazima utolewe, je, saini ya mama mwenyewe inatosha, au asubiriwe mume aje asaini? Upande mmoja una takwimu zake na upande wa pili una zake, na ukizijumlisha tunakuwa wananchi wengi kuliko tuliozaliwa. Wewe kwa busara yako ukaamua kutuma watafiti mtaa kwa mtaa, wawaulize wanawake wenyewe. Hilo nakupongeza.

Mtafiti wenu, dada mmoja mwenye adabu, alifika bandani kwangu saa saba mchana, jua likiwa kali, viatu vyake vimeshaanza kufungua midomo. Nilimkaribisha kwenye kochi la mteja nililokuwa nimelibadilisha sponji siku hiyohiyo. Akaniambia anataka kuzungumza na wanawake wa nyumba hii. Hawakuwepo. Mke wangu ni karani wa shule, alikuwa kazini. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa zahanati na goti lake. Binti yangu mkubwa, ambaye ni mjamzito na amerudi kujifungulia nyumbani, alikuwa amemsindikiza bibi yake. Binti mdogo alikuwa dukani anakouza simu.

Sasa niambie, Ndugu Mhariri, mtu mwenye moyo angemrudisha mgeni mikono mitupu na jua lile? Nilimwambia, "Mwanangu, hao ni watu wangu, nawajua nje ndani. Uliza tu." Akasema alitakiwa kuwasikia wenyewe. Nikamwambia kwamba wakiwepo wote kwa pamoja hatasikia chochote. Akacheka, akanywa maji, akafungua kishikwambi chake, nami nikawajibia wote wanne, mmoja baada ya mwingine, kwa uaminifu mkubwa. Nilipokuwa mama mkwe hata sauti nilishusha kidogo.

Kwenye swali lile kubwa, mke wangu nilimjibia kwamba mume asubiriwe. Mama mkwe vilevile, ingawa mume wake ni marehemu. Binti mkubwa, mume asubiriwe. Binti mdogo hana mume, kwa hiyo nilimjibia kwamba hajui.

Wiki iliyofuata ukachapisha matokeo ya mtaa wetu. Asilimia sitini ya wanawake wanataka saini ya mume, asilimia ishirini hawajui, na asilimia ishirini wanapinga. Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na miwani, uliandika kwamba waliohojiwa ni watano. Hao asilimia ishirini wanaopinga ni jirani yangu, fundi cherehani, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa nyumbani akajijibia mwenyewe. Diwani wetu akayasoma matokeo hayo redioni, akasema wanawake wa kwetu wamemaliza ubishi na atayafikisha juu.

Niliubandika ukurasa ule bandani na kuwaonyesha watu wangu jinsi walivyosikika. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mke wangu anapinga maoni yake. Alisoma ukurasa wote akiwa amesimama, akaniuliza hao wanawake ni akina nani, nikamwambia, "Ni ninyi." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kesho yake mwalimu mkuu alipompigia kumuuliza kuhusu karatasi za mitihani, alinikabidhi simu akasema, "Zungumza naye, wewe ndiye unayejua ninachofikiri." Nilijieleza kadiri nilivyoweza. Shule ile sasa ina karatasi za darasa la pili za kuwatosha hadi wajukuu wa wanafunzi.

2. Mama mkwe amenivalia njuga. Alipokwenda tena zahanati na mganga kumuuliza anaumwa wapi, alifunga mdomo akanyoosha kidole kuelekea bandani kwangu. Waliniita nikavuka barabara na nyundo mkononi. Nilisema ni goti la kulia. Lilichuliwa la kulia kwa wiki nzima, naye akatulia tuli. Mwisho wa wiki akaniarifu, kwa heshima zote za mama kwa mkwe, kwamba linalouma ni la kushoto.

3. Binti mkubwa ananiuliza maswali yasiyokuwa kwenye dodoso. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu, anayeweza kukaa siku nne bila simu yake kupatikana. Ananiuliza, "Baba, nikizidiwa usiku na yeye hapatikani, hiyo saini ataileta nani?" Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe ameshakubali kusubiri, na imo gazetini. Akaenda kulala bila kula. Nakiri kwamba usiku ule hata mimi chakula hakikupita vizuri, lakini takwimu ni takwimu.

4. Binti mdogo ndiye pekee anayeheshimu matokeo, na ndiye anayenimaliza kabisa. Kwa kuwa ulichapisha kwamba hajui, sasa hajui kitu chochote. Geti limefungwa? Hajui. Chumvi ipo? Hajui. Mteja aliyekuja nikiwa bafuni alisema anaitwa nani? Hajui, na ananiomba nisiharibu utafiti.

5. Hili ni langu binafsi, na linaniuma. Katika utafiti huu wote mimi mwenyewe, kama mwanamume, sikuulizwa. Nimekuwa wanawake wanne mchana mmoja lakini mtu wa kuuliza mawazo yangu hakutokea. Na kama ningeulizwa, ningejibu kwa ukweli kabisa kwamba sijui, kwa sababu mambo haya ya uzazi ni mazito na sisi wanaume hatuyaelewi.

Ndugu Mhariri, mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta suluhisho. Tukifuata hesabu yako mwenyewe, asilimia themanini ya wanawake wa mtaa huu ni mimi. Wingi huo hata diwani hakuupata. Kwa hiyo naomba kwanza uchapishe tangazo, kwa herufi kubwa safari hii, la kuwaagiza wanawake wa nyumba yangu wakubaliane na maoni yao kabla ya mwisho wa mwezi. Atakayekataa atambuliwe kuwa anapotosha matokeo.

Pili, kwa kuwa nimeshakuwa wengi, naomba nitambuliwe rasmi kama mwanamke wa mtaa. Semina ya akina mama ikiitishwa, nialikwe, na posho zetu nne zipitie kwangu. Nina suti ya kijivu inayonitosha bado nikiacha kifungo kimoja wazi.

Tatu, jambo hili linaweza kuiokolea nchi gharama kubwa. Kuna haja gani ya kuchosha watafiti na viatu vyao? Kila mtaa uchague baba mmoja anayeshinda nyumbani, mchangamfu, asiyependa kumrudisha mgeni bure, naye awe anawajibia wote. Matokeo yatapatikana asubuhi na muswada utapita jioni. Na tukizoea, hata zahanati zitapungukiwa na foleni: wagonjwa watabaki vitandani mwao, sisi tutakwenda kueleza wanaumwa wapi. Suala la magoti tutalirekebisha kadiri tunavyoendelea.

Nne, jirani yangu fundi cherehani ahojiwe upya nikiwepo. Haiwezekani mtu mmoja aharibu umoja wa watu wanne.

Naamini utalichukua jambo hili kwa uzito wake. Wasalimie wote hapo ofisini: wahariri wenzako, wachapaji, mpigapicha, mlinzi wa getini na yule anayepanga nyota, mwambie jipu limepona. Dada mtafiti msalimie kipekee. Mwambie kochi alilokalia lilipendwa sana na mwenyewe.

Ni mimi msomaji wako, na asilimia themanini ya wasomaji wako wa kike wa mtaa huu,

Fundi Makochi,
Mkabala na zahanati.

Nyongeza: Barua hii nilimpa mke wangu aipitishe posta akienda kazini. Badala yake aliifungua mezani akawasomea wenzake. Walicheka mpaka binti mkubwa akashika tumbo akaomba wapumzike. Mama mkwe alidai sehemu ya goti irudiwe. Nilicheka na mimi, maana barua ilikuwa nzuri.

Kisha mke wangu akaikunja akaniuliza kama naukumbuka mwaka niliokwenda kutengeneza viti vya hoteli, nikakaa huko miezi miwili. Nikamwambia naukumbuka, ndio mwaka aliofanyiwa operesheni ya tumbo. Akasema ilikuwa mimba. Ilikuwa imetunga nje ya kizazi, na alipofikishwa hospitali ilikuwa imeshaanza kumpasua ndani. Daktari alimwambia hawana muda. Alisaini mwenyewe, herufi zikatoka nje ya mstari, na mama yake ndiye aliyemshikia karatasi. Alisema, "Ningekungoja wewe usaini, ungerudi ukakuta msiba."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema, "Hukuuliza."

Ni kweli, Ndugu Mhariri. Nilirudi nikaona bandeji, nikanunua matunda, nikaendelea na kazi. Nimekaa na mwanamke huyu nikijisifu kwamba namjua nje ndani, na sikuwa najua hata la ndani lililotaka kumuua. Niliona aibu, halafu nikaogopa, nikaogopa kana kwamba bado yuko kwenye kile kitanda na mimi niko mbali nagonga misumari ya viti vya watu.

Kwa hiyo naomba majibu yangu yote yafutwe, ya wote wanne, na diwani ajulishwe redioni kama alivyotangaza. Maombi yangu ya kwanza hadi ya nne yachane. Jirani muache kama alivyo. Dada mtafiti arudi Jumamosi asubuhi, wote watakuwepo, na mama mkwe anasema yake ni marefu, aje na chaji ya kutosha. Mimi nitakuwa jikoni nachemsha chai, na akinisikia nachangia kutoka huko, asiandike.

Binti yangu mdogo alizaliwa miaka miwili baada ya operesheni ile. Ndiye yule niliyemjibia kwamba hajui.