Kitanda Kisicholia

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimezaliwa upya! Saa tatu asubuhi bodaboda imesimama mbele ya karakana yangu hapa Mlabani, na aliyeshuka ni Mzee Telesphory wa Idete, yule mwenye majaruba ya mpunga mpaka macho yanachoka. Nimempa shikamoo mbili. Ya pili ya akiba.

Anamwoza binti yake, Ritha. Sendofu ya kumuaga ni Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Anataka kitanda sita kwa sita, na kichwani kichongwe masuke ya mpunga. Hilo dogo. Kubwa ni hili: amemaliza kujenga gesti kule Lumemo, vyumba kumi na viwili, na hakuna hata kimoja chenye kitanda. Cha Ritha kikimpendeza, hivyo kumi na viwili ni vyangu. Kisipompendeza, anavuka barabara anaingia kwa Silvano.

Silvano! Tulianza kushika randa siku moja, kwa fundi mmoja. Leo ana bango lenye taa. Mimi nina bango.

Sharti la mzee ni moja tu, kitanda kisilie. Alichompa binti yake wa kwanza kililia kila mtu alipogeuka, ukweni kote wakasikia, na aibu hiyo anayo mpaka leo. Kwa hiyo mbao ziwe kavu kabisa. Nimemwambia zangu ni kavu kuliko biskuti.

Jumanne, 6 Mei

Mbao zangu si kavu. Ni mtiki uliopasuliwa juzi juzi, ukiugonga unajibu kama ndizi mbichi. Na masika yenyewe hayataki kuondoka. Nimezianika, mvua. Nimeziingiza, jua. Nimezitoa, mvua. Odilia, mke wangu, amekaa mlangoni anachambua mchele na kuhesabu safari zangu. Kumi na moja.

Ameshauri nivuke barabara nimwombe Silvano mbao kavu, eti anazo stoo tele na si mtu mbaya. Nimemwambia bora nimtengenezee Ritha kitanda cha udongo.

Alhamisi, 8 Mei

Akili imefunguka!

Nilikwenda kando ya Mto Lumemo kununua kitoweo kwa Eufrasia, mama anayebanika kambale na perege. Ana banda refu la bati, ndani moto mdogo, moshi mwingi, na juu yake chanja za waya. Kambale anaingia amelowa maji, baada ya siku tatu anatoka mkavu, unaweza kumgongea msumari. Nikamtazama yule kambale. Nikaziwaza mbao zangu. Tofauti yao ni nini? Wote wana maji, wote wanatakiwa kutolewa maji. Mafundi wa Ifakara nzima tumelala usingizi miaka yote hii!

Eufrasia ameniuliza kama nimepima malaria. Lakini ni mtu wa maelewano. Nimtengenezee meza ya kuuzia, naye atanipa chanja ya juu kabisa. Kambale watakaa chini, mbao juu yao. Nimezipeleka kwa guta mchana huohuo, nimezifunika turubai Silvano asije akaiba wazo.

Jumapili, 11 Mei

Nimezichukua baada ya misa. Kavu! Nimegonga: ngo, ngo, ngo! Na rangi, jamani. Moshi umezipaka hudhurungi iliyokolea, mtu mgeni angeapa ni mninga. Nilitaka kulia kwa furaha.

Nilipozishusha nyumbani, Odilia aliinua kichwa kwenye beseni la nguo akauliza kama leo tuna kambale. Nikasema hatuna. Akanitazama, akazitazama mbao, akarudi kwenye beseni lake. Mimi sisikii harufu yoyote. Miaka kumi na tano ya vumbi na vanishi, pua yangu imebaki pambo.

Jumatano, 14 Mei

Kitanda kimesimama. Sitajisifu. Ni kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka Mlabani. Masuke ya kichwani yanainama kama kuna upepo, na chaga zote zimekaa sawa.

Mzee Telesphory amekuja kukagua bila taarifa. Amegonga kila mbao kwa kidole. Amepanda juu na viatu, mtu mzima wa miaka sabini, akarukaruka. Kimya! Hakuna hata mlio. Akatabasamu, mara ya kwanza kumwona meno. Halafu akanusa. Akauliza kama nyumbani kwangu leo wamepika kambale.

Ningesema nini? Nikasema ndiyo, mke wangu, Mama Clinton, anapika. Akasema vizuri sana, basi atakula hapahapa, ameondoka Idete na chai tu.

Nimetoka mbio kwa mlango wa nyuma. Hakukuwa na bodaboda hata moja, basi nimekwenda kwa miguu mpaka kwa Eufrasia na kurudi, huku mzee amekaa juu ya kitanda cha binti yake anasoma kalenda ya parokia ukutani. Odilia amempikia wali na kambale wa nazi kwa nusu saa, mke gani huyu! Mzee amekula sahani mbili, amesema hajawahi kuona nyumba ambayo harufu ya chakula inamkaribisha mgeni tangu barabarani. Mimi jasho linanitiririka mgongoni. Odilia anageukia ukutani, mabega yanatetemeka. Nadhani alikuwa anacheka.

Kumi na viwili hivyo. Navihesabu tayari.

Ijumaa, 16 Mei

Nimempa Odilia ukweli wote, naye amenipa ukweli wake: kitanda kinanuka. Si kidogo. Ameniomba kwa upole niende kumwambia mzee mapema, niazime kingine kwa Silvano, halafu nimtengenezee Ritha kipya bila haraka.

Niende kwa Silvano? Nimepiga vanishi mkono wa tatu. Nimesugua ndimu. Kisha nikaona chupa ya marashi ya Odilia, ile ya sikukuu. Nimetumia kidogo tu.

Imekwisha yote. Odilia haniongeleshi, ananitumia ujumbe kwa simu kutoka jikoni.

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika haraka kabla sijabadilisha mawazo na kuchoma daftari.

Saa nane mchana msafara wa zawadi umeanza. Matarumbeta mbele, akina mama na vitenge vya sare nyuma yao, halafu kigari cha kirikuu kimebeba kitanda kimefungwa kamili na godoro juu. Mimi nilikaa pembeni mwa kitanda, shati jeupe, nikipungia watu mkono. Ubavuni nilikuwa nimechora namba yangu ya simu kwa rangi nyekundu. Tulipopita kwa Silvano nilipunga mikono yote miwili.

Jua la Mei baada ya mvua ni la kuchoma. Vanishi ikapata joto. Marashi yakaruka yakaondoka. Kambale akabaki.

Kwanza paka mmoja. Nikamfukuza kwa kiatu. Halafu wanne. Tulipofika njia panda walikuwa hawahesabiki, wanatembea nyuma ya gari kwa mstari kama na wao wamechanga. Mpiga tarumbeta wa mwisho akaacha kupuliza, akageuka, akanusa. Akina mama wakaanza kuulizana nani amebeba kitoweo.

Ukumbini ndiko kulikoharibika. Kitanda kiliposhushwa mbele ya meza kuu, wageni wa nyuma waliinuka wakapanga foleni na sahani mkononi. Mshereheshaji akawatangazia mara tatu kwamba chakula bado. Hawakumwamini. Shangazi wa bwana harusi, Msukuma mmoja mrefu asiyecheka, akainua godoro. Kwenye kona ya chaga, mahali ambapo msasa haukufika, akachomoa gamba la perege na kuliinua juu watu wote walione.

Nilitamani sakafu inimeze. Ritha alikuja taratibu na gauni lake. Nilidhani atalia, nami ningelia naye. Alipitisha mkono kwenye masuke ya mpunga, moja moja.

"Fundi," alisema, "sijawahi kuona kitanda kizuri kama hiki. Lakini siwezi kuanza ndoa ndani ya chungu cha samaki."

Halafu akaanza kucheka, na ukumbi mzima ukacheka. Mzee Telesphory hakucheka. Alikitikisa kitanda kwa mikono miwili, kikakaa kimya. Akatikisa kichwa. Jioni hiyohiyo kitanda cha Silvano kilichokuwa dukani kikapelekwa badala ya changu, na vile kumi na viwili vikaenda naye.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda misa. Paka wamejaa mlangoni.

Jumanne, 20 Mei

Kitanda amekichukua Eufrasia. Kwake harufu ile ni hewa tu.

Saa nne Silvano alivuka barabara. Nikashika nyundo, sijui kwa nini. Akaketi kwenye benchi langu bila kukaribishwa, akaomba maji. Akasema kazi ya gesti ni kubwa, mzee anafungua mwisho wa Juni, peke yake hawezi. Nitengeneze sita, yeye sita. Mzee ameshakubali.

"Kitanda chako hakikulia, Fulgence," alisema. "Mzee anakisimulia mpaka leo. Mkono unao. Kinachokuponza ni haraka."

Mbao atanipa yeye, zimekaa miaka mitatu kwenye stoo yake. Ana masharti mawili. Niziweke ndani, mahali pakavu. Na zisikaribie moto wowote.

Nimemshukuru kwa heshima zote na nimemaanisha. Odilia amesikia akiwa jikoni, akatoka na kuniita Baba Clinton kwa mdomo wake mwenyewe, si kwa simu.

Baadaye nimefikiri vizuri. Mtu hakupi nusu ya kazi bure. Silvano ananiogopa.

Jumatano, 21 Mei

Mbao zimefika, kirikuu kizima. Mtiki mkavu, ulionyooka, unateleza. Odilia amesema tuziingize mara moja. Lakini karakana ina giza, nani atajua kwamba Fulgence ana mzigo kama huu? Nimezipanga nje, ukingoni mwa barabara, kwa urefu. Watu wawili wamesimama kutazama. Mmoja aliuliza njia ya stendi.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua ya alfajiri. Kubwa. Odilia alinisukuma kitandani mara mbili, nikamwambia ni manyunyu.

Mbao za Silvano zinatiririka maji. Anakuja Jumamosi kuona nilipofikia.

Nimekaa juu ya rundo lenyewe nimeshika kichwa, roho inaniuma kweli. Ndipo Damiani wa mikate amepita na baiskeli yake, kreti nyuma, akanisalimia. Nikashtuka kama nimepigwa shoti. Damiani ana tanuri! La matofali, refu, pana, na ikifika saa tano asubuhi mikate imekwisha kutoka, tanuri limekaa bure na joto lake lote mpaka jioni. Na ndani hamna samaki hata mmoja. Kuna mkate! Nani duniani anachukia harufu ya mkate? Mgeni wa gesti atalala akiota chai!

Nimeshazungumza na Damiani, amekubali, tunaanza kupakia sasa hivi. Silvano alikataza moto. Joto hakulitaja.

Odilia amesimama mlangoni ananiuliza ninatabasamia nini. Nimemwambia yule kambale amenifundisha mengi.