Sampuli ya Mheshimiwa Mkurugenzi

Idara ya Ustawi wa Majibu ya Maabara ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba kuanzia Jumatatu nchi haitakuwa na minyoo tena. Uamuzi huo ulifikiwa baada ya semina ndefu yenye chakula kizuri, ambapo wataalamu waligundua kwamba minyoo huonekana tu pale mtu anapoitafuta. Kwa hiyo mwanafunzi yeyote wa maabara atakayeiona atahesabiwa kuwa ndiye aliyeileta.

Tangazo lilibandikwa ukutani katika chuo cha maabara cha Kabiro, kule Kawangware, chuo chenye hadubini moja na walinzi wengi wa kuilinda. Amondi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alilisoma mara mbili. Alikuwa amebakiza mtihani mmoja tu apate digrii yake. Akianguka, sheria ilimtaka arudie mwaka wa nne, na mwaka wa nne wenyewe Idara ilikuwa imeshaufuta kwa sababu ulichukua muda mrefu. Angerudi tu Kibera kwa mama yake, Filister, kukaanga samaki, akiwa amesoma kila kitu na hana cha kuonyesha.

"Sasa hiyo minyoo wameipeleka wapi?" mama aliuliza jioni, akigeuza samaki.

"Wameikataza, mama."

"Ikakubali?"

Siku ya mtihani, Mkurugenzi wa Idara, Bwana Ndululu, alijitolea kutoa choo chake mwenyewe kiwe Sampuli ya Taifa, ili wanafunzi waone tumbo la kizalendo lilivyo. Watu wa kawaida hupeleka choo maabara ndani ya kisanduku cha kiberiti, wamekificha kiganjani kama waliokiiba. Kiberiti cha Mkurugenzi kilikuja kwa gari la serikali, juu ya mto mwekundu, mikononi mwa naibu wake, Bwana Gichuru, aliyevaa glavu za gwaride.

"Simameni," alisema mwalimu Oketch.

Wanafunzi wakasimama. Sampuli ikapita.

"Kaeni."

Gichuru alikohoa. "Hiki mnachokiona si choo. Choo ni chenu. Hii ni mali ya umma."

Wakaanza kwenda kwenye hadubini mmoja mmoja. Wa kwanza aliandika: safi. Wa pili: safi kupindukia. Kevin, ambaye hakupenda kuachwa nyuma, aliandika kwamba hajawahi kuona usafi wa namna hiyo hata jikoni kwao.

Amondi akainama. Mayai ya minyoo yalikuwa yamejaa pale, ya kahawia, yenye kingo za mikunjo. Aliyafahamu kama mtu anavyowafahamu majirani wa ploti moja ya kupanga.

"Maze, rafiki yangu, andika safi twende zetu," Kevin alimnong'oneza.

Alitaka kuandika. Aliwaza digrii, akawaza moshi wa mafuta ya samaki. Lakini mkono uliofundishwa kuandika kinachoonekana ulikuwa umekuwa mkaidi, ikabidi apatane nao katikati. Akaandika: "Nimeona mayai ya minyoo, mengi sana, ila yana nidhamu."

Alipewa sifuri. Mchana huohuo akaitwa mbele ya kamati kwa kosa la kuona bila idhini. Bwana Ndululu mwenyewe alikuwa mwenyekiti. Mashtaka yalipokuwa yakisomwa, tumbo lake lilinguruma kwa kirefu, na katibu akauandika mngurumo huo kama hoja ya nyongeza.

"Unakaa wapi, msichana?" aliuliza Ndululu.

"Kibera, mzee."

"Ah. Basi minyoo umetoka nayo huko."

"Mimi nilikuja na kalamu tu."

Ili kumaliza ubishi, Ndululu aliagiza hadubini iletwe. Alikuwa ameidhinisha ununuzi wake lakini hajawahi kuchungulia ndani yake. Akainama, akalibana jicho kwenye kioo mpaka kope zikagusa.

"Naona miguu," alisema polepole. "Myeusi. Mirefu. Inapanda na kushuka."

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huona miguu hiyo. Amondi akamwinamia Oketch. "Mwalimu, hizo si kope zake?"

"Nyamaza, mama," Oketch alimjibu kwa upole. "Zinakusaidia."

Ndululu aliketi, jasho likimtiririka, akaomba dawa kwa sauti ya chini. Gichuru alimkumbusha kwamba kwa amri yake mwenyewe, dawa ya minyoo haitolewi bila jibu la maabara lenye minyoo. Na jibu la aina hiyo lilikuwa moja tu katika nchi nzima, nalo lilikuwa limepata sifuri.

"Na jibu la sifuri, mkubwa, haliwezi kumtibu mtu."

"Basi lipe alama."

"Ngapi?"

Tumbo liliwahi kujibu kabla ya mwenyewe.

"Zote," alisema Ndululu.

Hivyo Amondi akapata digrii yake, na kazi juu yake, katika maabara ya Idara. Tangazo jipya lilitoka wiki hiyo. Lilieleza kwamba minyoo ikiwa ndani ya tumbo la kiongozi si ugonjwa, ni uzoefu.

Asubuhi yake ya kwanza kazini, Amondi alikuta wakubwa waliovaa suti wamepanga foleni hadi nje, kila mmoja ameinua kiberiti chake juu kionekane. Mbele kabisa alisimama Gichuru. Amondi alitazama kioo chenye sampuli yake pembe zote.

"Safi, mzee."

"Tazama tena."

"Nimetazama. Hakuna."

Gichuru aligeuka akaiangalia foleni, kisha akashusha sauti. "Dada yangu, mpaka dereva amepatikana nayo. Mimi ni naibu. Watasema nampinga mkubwa. Nitafutie hata yai."

"Minyoo haiombwi, mzee. Inaingia na mikono michafu na mboga zisizooshwa. Hayo ni masomo ya mwaka wa kwanza."

Gichuru alitoa kalamu akayaandika yote.

Kesho yake Amondi alimkuta sokoni Kawangware, amechuchumaa kando ya mtaro na tai yake shingoni, akitafuna karoti na udongo wake. Mwenye karoti alikuwa amesimama mbele yake na ndoo ya maji, akimsihi angalau aisuuze.

"Habari ya asubuhi, mzee," alisema Amondi.

Gichuru alijibu kwa kichwa tu. Kinywa kilikuwa kimejaa kazi ya taifa.